Mazoezi Kabla ya Chai ya Asubuhi: Namna ya Kupunguza Mafuta ya Mwili Ukiwa Hujala

Ukipita njia ya kwenda Raskazone, kando ya bahari mjini Tanga, baada ya sala ya alfajiri utawakuta watu wanaotembea kwa haraka, wengine wakipiga mchakamchaka kwa vikundi, na ukiwauliza kwa nini wametoka kabla ya kutia kitu tumboni, wengi watakujibu kwamba tumbo likiwa tupu ndipo mafuta yanapokatika. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini limeacha nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo inayowafanya wengine watoke jasho miezi kadhaa huku kitambi kikibaki palepale. Maelezo haya ni ya mtu mzima mwenye afya ya kawaida, mkazi wa Tanga au wa mji mwingine wa pwani unaofanana nao kwa joto na kwa mapishi, anayetaka kuutumia muda huo wa alfajiri kupunguza mafuta bila kuanguka njiani.

Mwili unatumia nini wakati hujala

Mtu aliyekula chakula cha usiku saa mbili na akaamka saa kumi na moja amekaa saa tisa bila kula. Katika muda huo insulini, homoni ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuuagiza mwili uweke akiba, imeshuka. Akiba ya wanga iliyomo kwenye ini, ambayo kwa mtu mzima hufika takriban gramu 100 ikijaa, imepungua kwa sababu ndiyo iliyoulisha ubongo usiku kucha. Na mafuta yaliyohifadhiwa mwilini yanaingia kwenye damu kwa urahisi zaidi. Wanga uliomo kwenye misuli, ambao ni mwingi kuliko ule wa ini mara kadhaa, haujaguswa sana, na ndiyo maana mtu anaweza kutembea na hata kukimbia kidogo akiwa hajala na asihisi udhaifu wowote. Akitembea kwa mwendo wa wastani katika hali hiyo, sehemu ya nguvu inayotoka kwenye mafuta ni kubwa kuliko ambavyo ingekuwa kama angetangulia kunywa chai na maandazi mawili.

Mpaka hapo wale wa Raskazone wako sahihi. Shida iko kwenye kiasi. Mtu asiye mwanariadha, hata akiwa katika mwendo unaochoma mafuta vizuri kabisa, huchoma takriban nusu gramu ya mafuta kwa dakika, kwa hiyo nusu saa nzima ya matembezi mazuri humtoa gramu 15, ambazo ni sawa na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia. Kijiko hicho kinaweza kurudi chote kabla ya saa mbili asubuhi kwa chapati moja iliyokaangwa na mpishi mwenye mkono mzito. Tena mwili una kawaida ya kusawazisha mambo: ukichoma mafuta mengi asubuhi, saa zinazofuata hutumia wanga zaidi, na aliyefanya mazoezi akiwa ameshiba huyafikia mafuta yake baadaye. Kinachoamua kama akiba itapungua ni hesabu ya siku nzima, na zaidi ya hapo ni hesabu ya wiki na mwezi.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2014, watafiti wakiongozwa na Brad Schoenfeld wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake vijana 20 waliogawanywa makundi mawili, wote wakifanya mazoezi ya saa moja mara 3 kwa wiki kwa muda wa wiki 4 na wote wakipunguziwa chakula, ila kundi moja lilifanya mazoezi kabla ya kula na jingine baada ya kula. Makundi yote mawili yalipungua uzito na mafuta, na tofauti ya maana baina yao haikuonekana. Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath na wenzao wa Birmingham, nchini Uingereza, walitoa matokeo ya wanaume 30 wenye uzito uliozidi, katika jaribio la wiki 6. Waliofanya mazoezi kabla ya kifungua kinywa walichoma mafuta karibu maradufu wakati wa mazoezi yenyewe, lakini uzito wao haukupungua kuliko wa wenzao waliokula kwanza. Walichofaidi ni kwamba miili yao iliitikia insulini vizuri zaidi, na hilo si jambo la kupuuza kwa mtu ambaye sukari yake imeanza kupanda au ambaye kwao kisukari kinarithiwa.

Kwa nini basi mtu ajisumbue kutoka hajala? Kwa mji kama Tanga, sababu kubwa kwangu ni ya kawaida kabisa: alfajiri ni wakati pekee ambao joto halijaanza, simu hazijaanza, na tumbo si zito la kuleta kichomi ubavuni. Mtu anayesubiri ale kwanza, chakula kishuke, ndipo atoke, atajikuta saa tatu, na saa tatu ya mwezi wa Februari hapa si ya kumtuma mtu akakimbie.

Wasiotakiwa kutoka hawajala

Anayetumia sindano za insulini, au vidonge vya kisukari vinavyosukuma kongosho litoe insulini zaidi kama vile glibenklamaidi, asifanye mazoezi akiwa hajala mpaka azungumze na daktari wake kuhusu kiwango cha dawa na saa ya kuitumia, kwa sababu sukari yake inaweza kushuka ghafla akiwa peke yake barabarani. Anayetumia metformini peke yake yuko katika hatari ndogo zaidi, ingawa naye ni vizuri aulize. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto wanaokua, mtu anayetoka kwenye homa, mtu mwenye upungufu wa damu, mwenye vidonda vya tumbo vinavyomsumbua, na mtu aliyewahi kuugua maradhi ya kujinyima chakula kupita kiasi, wote hawa wale kwanza; hawatakosa chochote upande wa kupunguza uzito, kama majaribio hayo mawili yalivyoonesha. Mwenye selimundu asifanye mazoezi makali wala asikae bila maji, kwani kukaukiwa na maji ni miongoni mwa mambo yanayoamsha maumivu yake. Mwenye shinikizo la damu anayemeza vidonge vya kupunguza maji mwilini apimwe kwanza na aulize, maana joto la pwani na dawa hizo vikikutana, kizunguzungu huwa karibu sana.

Usiku uliotangulia, na dakika za kuamka

Watu wengi wanaopata kizunguzungu alfajiri hawakuharibu alfajiri. Waliharibu jana yake. Mtu amejinyima chakula cha usiku kwa kudhani atapunguza maradufu, amelala saa sita usiku kwa sababu ya mpira, kisha saa kumi na moja na nusu anataka kukimbia. Chakula cha usiku kiliwe, kiwe cha kiasi na kiwe na kitoweo, kwa mfano wali kiasi cha ngumi mbili, samaki kipande kizuri na mchicha au kisamvu, na mtu alale mapema iwezekanavyo, kwa sababu usingizi mfupi huongeza njaa ya siku inayofuata na kuzima faida ya mazoezi.

Ukiamka, kunywa maji glasi moja au mbili polepole. Kahawa chungu isiyo na sukari inaruhusiwa. Haina nguvu ya kuhesabika na huwasaidia wengi kuchangamka, na kafeini iliyomo huongeza kidogo matumizi ya mafuta wakati wa mazoezi. Lakini kahawa ya kwenye kijiwe ina mwenzake, na mwenzake ni kashata. Kipande cha kashata ni sukari na nazi au karanga, kwa hiyo aliyekula kipande hicho amekwisha kula, hata kama kililiwa kwa kusimama. Dafu pia lina sukari yake, nalo linafaa zaidi baada ya mazoezi kuliko kabla. Maji ya ndimu na tangawizi hayakatazwi, ila hayachomi mafuta, na anayeyanywa ayanywe kwa kuwa anayapenda.

Jua la Tanga huchomoza kati ya saa kumi na mbili kamili na saa kumi na mbili na nusu kutegemea mwezi. Ukitoka wakati mwanga umeshaanza kuonekana, vaa nguo ya rangi nyepesi, tembea upande wa kulia wa barabara ili magari na bodaboda zinazokuja uzione usoni, na kama njia yako ina kiza, toka na mwenzako. Mfukoni tia kitu kimoja chenye sukari. Mimi hupendekeza tende tatu zilizofungwa kwenye karatasi, kwa sababu haziyeyuki na haziharibiki, na mtu hatashawishika kuzila ovyo kama ambavyo angeshawishika na peremende.

Mazoezi yenyewe

Anza kwa dakika 5 za mwendo wa taratibu, kisha ongeza mwendo mpaka upumue kwa nguvu kidogo huku ukiweza kuzungumza sentensi kamili, lakini usiweze kuimba. Kipimo hicho cha mazungumzo hakihitaji saa ya mkononi wala kifaa chochote, na kinatosha kwa anayetembea hajala, kwa sababu ndio mwendo ambao mafuta yanachangia sehemu kubwa ya nguvu. Ukifika mahali unakatisha maneno ili uvute pumzi, umevuka, na mwili umeanza kudai wanga ambao asubuhi hiyo ni haba kwenye ini. Malizia kwa dakika 5 nyingine za taratibu, usisimame ghafla.

Wiki mbili za mwanzo tembea dakika 20 hadi 25, siku 3 kwa wiki. Wiki ya tatu na ya nne fikisha dakika 30 hadi 35 kwa siku 4. Kuanzia wiki ya tano unaweza kufika dakika 40 hadi 45 kwa siku 5, na hapo utakuwa umevuka dakika 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kuwa kiwango cha chini cha mazoezi ya wastani kwa mtu mzima. Sioni sababu ya kuvuka saa moja ukiwa hujala. Anayejiandaa kwa mbio ndefu, au anayetaka kukimbia kwa kasi kwa vipindi vifupi vifupi, ale kwanza, kwani bila wanga wa kutosha atakimbia chini ya uwezo wake na mwisho atakuwa ametumia nguvu kidogo kuliko alivyotarajia.

Kwa njia, mji wetu umebarikiwa kwa utambarare. Anayetoka katikati ya mji anaweza kuanzia bustani ya Jamhuri, akapita Bombo hadi Raskazone, bahari ikiwa upande wake wa kushoto na upepo ukimpoza. Anayekaa Ngamiani anaweza kuzizunguka zile barabara za namba bila kwenda mbali na nyumbani, jambo linalomfaa hasa anayeanza, kwa kuwa akichoka hana safari ndefu ya kurudi. Baiskeli, ambazo Tanga hazina uhaba, zinafaa vilevile na zinaokoa magoti ya mtu mwenye mwili mkubwa. Tahadhari yake ni moja: kizunguzungu ukiwa juu ya baiskeli ni ajali, kwa hiyo wiki za mwanzo fanya kwa miguu mpaka uujue mwili wako unavyopokea kukaa bila kula.

Kuna desturi ya kujifunga nailoni tumboni au kuvaa jaketi zito ili jasho litoke kwa wingi. Iacheni. Lita moja ya jasho ni kilo moja kwenye mizani, na kilo hiyo hurudi pindi mtu anapokunywa maji. Ndani yake hamna mafuta. Katika unyevunyevu wa pwani jasho tayari linakauka kwa shida, na anayelifungia ndani ya nailoni anaunyima mwili njia yake ya kujipoza, jambo ambalo linaweza kumfikisha hospitali.

Siku mbili katika wiki ongeza mazoezi ya kukaza misuli, kwa sababu mtu anayepungua kwa kutembea tu na kula kidogo hupoteza na nyama ya misuli pamoja na mafuta. Chuchumaa na usimame mara 10 hadi 15 ukishika ukingo wa kiti ikiwa magoti hayajazoea, piga pushapu kwa kuegemea ukuta kisha baadaye chini sakafuni, panda na kushuka ngazi ya baraza, na rudia mzunguko huo mara tatu. Haya yanafaa zaidi jioni, ukiwa umeshakula mchana, kuliko alfajiri.

Dalili za kukufanya usimame

Mikono ikitetemeka, jasho la baridi likikutoka, macho yakiona giza, moyo ukienda mbio bila sababu au mawazo yakichanganyika, usijikaze kumaliza njia. Kaa kivulini, kula zile tende tatu au kunywa maji yaliyokorogwa vijiko vidogo vitatu hadi vinne vya sukari, usubiri dakika 15. Usipopata nafuu, rudia na uombe msaada. Mwenye kipimo cha sukari akikuta chini ya milimoli 3.9 kwa lita, sukari imeshuka na hiyo ndiyo tiba yake ya kwanza. Aliyepoteza fahamu asitiwe chochote mdomoni. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali mara moja. Maumivu ya kifua yanayobana, hasa yakienda kwenye mkono, taya au mgongo, hayahusiani na njaa, nayo yanataka hospitali mara moja, tena bila kupitia nyumbani.

Chai ya baada ya mazoezi

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanapoharibu. Mtu wa kilo 80 akitembea kilomita 5 hutumia takriban kilokalori 200 hadi 300. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kama kilokalori 7,700. Maana yake ni kwamba kwa kutembea peke yake, bila kuongeza hata tonge moja ya chakula, atahitaji karibu mwezi mzima wa kila siku ili atoe kilo moja. Akirudi nyumbani akajipongeza kwa vikombe vitatu vya chai yenye vijiko vitatu vitatu vya sukari, amekunywa gramu 36 hadi 45 za sukari, yaani zaidi ya nusu ya kazi yake, na bado hajagusa kitafunwa.

Kwa upande wa vitafunwa, fanya jambo moja dogo nyumbani kwako. Chukua andazi lililotoka kwenye karai, lipoe, liweke juu ya karatasi nyeupe ya daftari kwa dakika tano, kisha inua karatasi uitazame kwenye mwanga wa dirisha. Doa litakaloangaza ni mafuta yaliyokuwa juu juu tu. Yaliyonyonywa ndani hayajatoka. Kila gramu ya mafuta ina kilokalori 9, ilhali gramu ya wanga au ya protini ina 4, na andazi lililotumbukizwa kabla mafuta hayajapata moto vizuri hunyonya zaidi. Kitumbua kina mafuta ya kwenye kikaango chake pamoja na sukari na nazi. Chapati ina mafuta ya kukandia, ya kusokotea na ya kukaangia. Sisemi mtu aviache maisha yake yote. Nani ataishi Tanga bila mbaazi za nazi na maandazi siku ya Ijumaa? Nasema visiwe vya kila siku, na vikiwepo viwe kimoja, kisha mtu aache kuvichukulia kama ujira wa mazoezi.

Mbaazi zenyewe hazina kosa. Zina protini na nyuzinyuzi zinazoshibisha, na kinachozigeuza ni kasimile, yaani lile tui zito la kwanza linalomiminwa mwishoni ili mchuzi uwe mzito na ung'ae. Ukizipika kwa tui jepesi la pili, ukaongeza kitunguu, nyanya na pilipili, utapata mbaazi nzuri zenye mafuta machache sana kuliko zile za kawaida. Kuleni na muhogo wa kuchemsha kipande kimoja au viwili badala ya maandazi. Siku nyingine mayai mawili ya kuchemsha, au samaki wa kuchoma aliyebaki jana, na kipande cha kiazi kitamu. Machungwa ya Muheza, yakiwa ya msimu, yaliwe yakiwa mazima na nyama yake, kwa sababu glasi moja ya juisi hubeba sukari ya machungwa matatu au manne, nayo humalizika kabla tumbo halijajua kwamba limekula. Chai iwe na kijiko kimoja cha sukari, kisha kadiri wiki zinavyokwenda kipungue kuwa nusu. Ulimi huzoea kwa haraka kuliko watu wanavyodhani, na chai ya viungo yenye iliki na tangawizi haihitaji sukari nyingi ili iwe tamu.

Si lazima ule papo hapo ulipofika. Kunywa maji, oga, tulia, kisha kula ndani ya saa moja au mbili, ukianza na kile chenye protini. Kwa anayepunguza uzito huku akitaka kulinda misuli, protini ya gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku inafaa kwa watu wengi wenye figo nzima, na pwani hii yenye samaki, dagaa, maharage na kunde, kiasi hicho kinapatikana bila kununua unga wowote wa kwenye kopo.

Ukitaka shabaha ya kufanyia kazi, punguza kilokalori 500 kwa siku, ambazo zitakupa upungufu wa karibu nusu kilo kwa wiki mwanzoni. Nusu yake itoke kwenye matembezi. Nusu nyingine ni kama vijiko vikubwa viwili vya mafuta ya kupikia, na katika nyumba nyingi vijiko hivyo viwili vinaweza kutoka kwenye sufuria ya mchuzi bila mlaji kugundua. Anayepika na awe wa kwanza kushirikishwa katika mpango huu, maana mtu akitembea kilomita 5 na mwenye jiko hana habari, hesabu haitakaa sawa.

Mwezi wa Ramadhani na saumu za sunna

Aliyezoea mazoezi ya alfajiri hudhani kwamba Ramadhani ni mwendelezo wa jambo lilelile, ilhali tofauti ni kubwa. Asubuhi ya kawaida hujala lakini umekunywa maji, na chakula kinakungoja baada ya saa moja. Ukiwa na saumu, kila tone linalotoka kwa jasho asubuhi halitarudishwa mpaka magharibi. Kwa sababu hiyo mazoezi ya asubuhi baada ya daku hayashauriwi katika joto letu, na muda ulio salama zaidi kwa anayefunga ni nusu saa ya mwisho kabla ya adhana ya magharibi, kwa mwendo wa taratibu tu, ili maji yawe karibu. Anayetaka mazoezi yenye uzito zaidi ayafanye usiku, baada ya futari kushuka au baada ya tarawehe. Mwenye saumu za Jumatatu na Alhamisi afuate njia hiyohiyo, au azifanye siku hizo kuwa za mapumziko.

Futari ya Tanga nayo ni mtihani wake. Mihogo ya nazi, magimbi, tambi za sukari na kaimati zikikutana kwenye sinia moja, mtu anaweza kula kwa dakika kumi zaidi ya alivyokosa mchana kutwa, na ndiyo sababu wengine huufunga mwezi mzima na wakaumaliza wakiwa wameongezeka. Fungua kwa tende na maji, kunywa uji usio na sukari nyingi, kaswali, kisha urudi kwenye sinia ukiwa na subira, uchague kimoja kati ya vile vya nazi na kimoja kati ya vile vya sukari.

Kupima maendeleo

Mizani ni shahidi asiyetosha, kwa kuwa hupanda na kushuka kwa kilo moja hadi mbili kutokana na maji na chumvi peke yake. Tumia futi ya fundi cherehani. Simama wima ukiwa kifua wazi au umeinua nguo, tafuta kwa kidole mwisho wa ubavu wa chini na mwanzo wa mfupa wa nyonga, weka futi katikati ya hapo kuzunguka mwili, iguse ngozi bila kubana, toa pumzi kama kawaida bila kuvuta tumbo ndani, kisha soma. Fanya hivyo mara moja kwa wiki, siku ileile, alfajiri kabla ya kutoka, na uandike. Kwa wanaume wa Afrika, kiuno kinachofika sentimita 94, na kwa wanawake sentimita 80, huhesabiwa kuwa kimeingia kwenye eneo la hatari ya kisukari na maradhi ya moyo, kwa hiyo anayeshuka kutoka 104 hadi 99 amepata jambo kubwa hata kama suruali bado ni ileile.

Ikiwa wiki nne zimepita na futi haijasogea, usikimbilie kuongeza dakika za mazoezi. Andika kwa siku tatu kila kitu kilichoingia mdomoni, pamoja na sukari ya chai, kashata ya kijiweni na mafuta ya sufuria, na mara nyingi jibu litaonekana kabla ya siku ya pili kwisha. Na ikiwa umejaribu kwa wiki mbili hizo za mwanzo na kila ukitoka hujala unarudi na kichwa kinachouma au njaa inayokufanya ufagie meza, kula nusu ya ndizi mbivu na kikombe cha chai ya rangi dakika 20 kabla ya kutoka, kisha tembea njia yako ileile kwa muda uleule.